Kuvu na utumbo wa samaki

Huko Baelo Claudia, kusini mwa Hispania, bado yapo matangi ya mawe ambamo Warumi waliloweka samaki kwa chumvi hadi wakayeyuka kuwa mchuzi ulioitwa garum. Matumbo hayakutupwa, kwa kuwa ndiyo yenye vimeng'enya vya kukata protini. Kilichobaki kilikuwa jua na subira ya miezi. Kwenye mapipa ya Phu Quoc, Vietnam, mchuzi wa samaki husubiriwa mwaka mzima au zaidi.

Wajapani waliongeza mfanyakazi mwingine. Jodari wao huchemshwa, hufukizwa moshi mara nyingi, kisha huachwa aote ukungu. Huanikwa, ukungu hupanguswa, ukaota tena, mpaka samaki anakuwa mgumu kama kipande cha mti. Ila kuvu kubwa kwao ni koji, Aspergillus oryzae. Mchele huivishwa kwa mvuke, hupozwa, hunyunyiziwa mbegu za kuvu na kufunikwa. Baada ya saa kadhaa hujipasha moto wenyewe, na usipopinduliwa kwa mikono kuvu huungua. Ndani ya siku mbili hivi kila punje imevaa manyoya meupe yanayonukia utamu. Kuvu haina tumbo: humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, chakula kikayeyuka, ndipo ikakinyonya. Koji ikichanganywa na vichwa na matumbo ya samaki pamoja na chumvi, protini hukatwa kuwa asidi amino, na mchuzi hupatikana mapema kuliko kwa vimeng'enya vya samaki peke yake.

Aliyeitoa koji jikoni ni Jokichi Takamine, aliyepata hataza Marekani mwaka 1894 kwa vimeng'enya vya kuvu hiyo. Badala ya mchele aliilisha pumba za ngano, mabaki ya kinu. Kwangu hapo ndipo historia hii ilipogeuka: taka za kiwanda kimoja zikawa chakula cha kuvu itakayoyeyusha taka za kiwanda kingine.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuogopa ukungu. Ndugu wa karibu wa koji, Aspergillus flavus, ndiye anayetia sumukuvu kwenye mahindi, na mwaka 2004 watu 125 walikufa kwayo nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Koji imechaguliwa na kutunzwa kwa karne nyingi hadi haitoi sumu hiyo. Mbegu zake hununuliwa kwa mtaalamu; hazikwanguliwi kwenye gunia lililolowa.

Ziwa Victoria lina kazi ya kuipa koji. Sangara akishatolewa minofu, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki. Mifupa yenye nyama, mapanki kwa watu wa Mwanza na mgongo wazi kwa wa Kisumu, hukaangwa na akina mama na kulisha maelfu. Hiyo isiguswe, ni chakula cha watu. Kuvu ipewe utumbo, unaooza kabla ya kitu kingine chochote, na mchuzi wake uende kwenye chakula cha kuku na cha samaki wa mabwawani. Lakini kuvu haifufui kilichooza. Samaki wa jamii ya jodari, kwa mfano, wakilala juani, bakteria huwatia histamini, sumu isiyoondoka hata kwa kuchemsha. Kwa hiyo utumbo nao upate barafu kama minofu, na koji iwe imeshaota kabla mashua hazijafika.