Sadaka Haina Mgeni wa Heshima

Jumapili asubuhi mjini Kitengela, Kajiado, vipaza sauti vya makanisa hupokezana kuanzia Barabara ya Namanga hadi kwenye maploti ya ndani, na msamiati wa kutoa haukosi kusikika. Kuna zaka, sadaka, shukrani, malimbuko, mbegu, ahadi na harambee. Waumini wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni mamoja. Si mamoja, na kinachoyatenga si kiasi cha pesa bali swali moja: neno hili linahitaji shahidi?

Tuanze na sadaka. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, aliwakuta Waislamu wa pwani wana zaka na sadaka zao tangu zamani, na Ukristo wa Kiswahili ukayapokea maneno hayo yalivyo. Katika Kiarabu, sadaka imetoka kwenye shina la ukweli, shina lilelile lililotupa kitenzi kusadiki. Anayetoa sadaka anathibitisha kwa mkono kile anachokisadiki moyoni, kwa hiyo anayesema "sadaka ya kweli" amesema jambo moja mara mbili. Zaka nayo imebeba maana ya kutakasika na kustawi. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalomtaja mtazamaji.

Harambee ni habari nyingine. Jomo Kenyatta aliifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na kwa wito huo wananchi walijenga shule na zahanati nyingi kwa mikono yao. Ni neno la kuvuta pamoja, na wanaovuta pamoja sharti wasikiane. Hapo hakuna kosa. Kosa huingia pale jukwaa linapokuwa kubwa kuliko kazi. Aliyewahi kuhudhuria harambee ya mabati ya kanisa anaujua utaratibu: mwongoza shughuli anashika kipaza sauti, "Mheshimiwa ameweka laki mbili, tumpigie makofi ya kilo!" Yanapigwa. Kisha anapita mama muuza sukuma wiki na noti yake ya hamsini iliyokunjwa mara nne, naye anaingia katika orodha ya "na wengine wengi".

Viongozi wa makanisa wameliona hilo. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibada. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole. Mchango ulikuwa na kishindo kikubwa kuliko ibada yenyewe.

Kigiriki cha Injili ya Mathayo kina ukali hapa ambao hausikiki kwa urahisi katika Kiswahili. Katika sura ya 6, Yesu anaposema kuwa wanaotoa ili waonekane wamekwisha kupata thawabu yao, kitenzi kilichotumika ndicho kilichoandikwa kwenye stakabadhi za malipo za enzi hizo: nimepokea yote, hakuna ninachodai. Makofi ya kilo ndiyo malipo yenyewe, na hesabu imefungwa hapohapo.

Je, simu imetusaidia? M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hakuna aliyedhani ingekalia nafasi ya kikapu. Makanisa yalipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, sadaka nyingi zilihamia huko, na zimebaki. Kikapu hakijui nani ametia nini. Simu inaandika jina, saa na kiasi. Lakini simu hiyohiyo inaweza kupeleka karo moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, mtoto asijue nani amemlipia. Wapo pia wanaoingia dukani, wakaomba kuonyeshwa daftari la madeni, wakalipa deni la unga la jirani na kumwambia mwenye duka aandike tu "imelipwa". Huo wema hauna jina rasmi katika matangazo ya Jumapili.

Wamaasai, wenyeji wa Kajiado, hata hivyo, wanalo neno la karibu sana na wema huo. Lugha yao, Kimaa, ina esile, yaani deni, na ina osotua, neno lenye maana ya asili ya ule mshipa wa kitovu unaomuunganisha mtoto na mamaye. Walio katika osotua huombana wakati wa shida tu. Aliyeombwa hutoa kinachohitajika, akiwa nacho, na hakuna anayeweka hesabu ya nani amempa nani. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 ulipoua ng'ombe kwa maelfu Kajiado, mfugaji aliyebaki mikono mitupu alijua uzito wa tofauti hiyo: esile inakudai, osotua inakuuliza unahitaji nini. Na waliotafsiri Biblia kwa Kimaa, walipotafuta neno la agano, walilichagua hilo. Agano Jipya kwa Kimaa ni Osotua Ng'ejuk.

Basi tuyapange maneno yetu. Kanisa la Kitengela linalohitaji mabati liitishe harambee bila haya, na liuite mchango kwa jina lake. Mchango unadai stakabadhi na mahesabu yaliyobandikwa ukutani, kwa sababu kila aliyechanga ana haki ya kujua misumari ilinunuliwa kwa bei gani. Wajibu wa uwazi uko kwa mpokeaji, na siri ni ya mtoaji. Kwetu mara nyingi tumeugeuza mpangilio huo: mtoaji anatangazwa, mahesabu yanafichwa. Kinachotolewa kwa namna hiyo hakistahili kuitwa sadaka, hata kiwe mamilioni.