Tundu ndogo ao tumbo wazi? Historia ya apendisiti ya watoto

Mutoto akipasuliwa apendisiti, watu wanauliza: heri tundu ndogo za selioskopi ao kupasua tumbo wazi kama zamani? Historia inaonyesha kwamba iko ulizo lingine linalotangulia: mutoto amefika lupitalo saa gani?

Tuanze London, 1735. Munganga Claudius Amyand alimupasua kijana wa miaka 11 mwenye ngiri. Ndani ya ile ngiri akakuta apendisi imetobolewa na pini, akaikata. Mutoto alikuwa macho, juu dawa ya kulaza mugonjwa ilikuwa haijapatikana. Akapona. Ni ya kwanza inayojulikana ya kutoa apendisi.

Lakini ilipita miaka 151 mbele Reginald Fitz, kule Boston, aonyeshe wazi kwamba ugonjwa unaanzia ndani ya apendisi, na kwamba tupasue mapema. Kuchelewa hakukuchagua mutu: Frederick Treves, mupasuaji mukubwa wa Uingereza, alipoteza binti yake mwenyewe mwaka wa 1900, apendisi ilipasuka. Miaka miwili kisha, yeye ndiye alimutoa mufalme Edward VII usaha wa apendisiti, siku mbili tu mbele ya siku iliyopangwa ya kutawazwa, na mufalme akapona.

Selioskopi ilikuja nyuma kabisa. 1980, kule Kiel, Ujerumani, Kurt Semm, munganga wa wanawake, alitoa apendisi kwa tundu ndogo. Wapasuaji wengi walimulaumu vikali. Leo njia yake iko dunia nzima.

Sasa, apendisi ya mutoto ikiisha kupasuka na usaha umeenea, njia gani inafaa? Selioskopi inamusaidia munganga kuona tumbo lote. Mara nyingi vidonda vinaoza kidogo, na mutoto anarudi nyumbani mapema. Zamani waliogopa usaha utabaki ndani. Tafiti nyingi za kisha hazikukuta tofauti kubwa. Lakini inaomba kamera, gazi, kumulaza mutoto kabisa, mikono iliyozoea, na kuranti isiyokatika. Na sisi wa Lubumbashi tunajua mambo ya kuranti. Kupasua wazi kunaomba vyombo vichache, na kunaokoa watoto mpaka leo. Munganga anayekuchagua hayuko nyuma ya wakati.

Ila hakuna njia inayorudisha siku tatu zilizopotea nyumbani, watu wakisema ni minyoo tu, ao wakitafuta kwanza franga. Maumivu yakianzia kitovuni, yakishuka kuume, mutoto akikataa chakula, akitapika, akitembea ameinama, tusimupe dawa ya kuendesha tumbo: inaweza kupasua apendisi. Tumupeleke lupitalo siku ile ile. Tuambie na wale wa nyumbani ambao hawasomi huu ukurasa, juu ndio wanaobaki na watoto muchana.