Rhodes aliota reli, sisi tukajenga ya kumkwepa

Hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyosainiwa Beijing Septemba 2024 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, imeamsha matumaini Mbeya na Makambako. Kila mtu huko anajua kuwa reli hiyo ni kazi ya Mwalimu Nyerere, Kaunda na Wachina. Wachache wanajua kuwa miaka 71 kabla ya ujenzi kuanza, tajiri mmoja wa almasi alikwenda Berlin kuombea reli yake njia katika nchi hii.

Cecil Rhodes, mtoto wa mchungaji, alizaliwa Uingereza mwaka 1853. Alifika Natal akiwa na miaka 17, akahamia Kimberley kuchimba almasi, akanunua vitalu vya wenzake hadi kuunda De Beers Consolidated mwaka 1888. Aliingia Bunge la Cape mwaka 1881 na kuwa Waziri Mkuu mwaka 1890. Sheria yake ya Glen Grey ya mwaka 1894 iliwatoza kodi Waafrika wasiotoka makwao kwenda kufanya kazi ya kibarua.

Alitaka waya wa telegrafu na reli kutoka Cape hadi Cairo. Mkataba wa Heligoland kati ya Uingereza na Ujerumani, wa Julai 1, 1890, ukamzibia njia: nchi iliyo kaskazini ya mpaka unaopita Tunduma ikawa ya Mjerumani.

Mjerumani mwenyewe hakuipata kirahisi. Agosti 17, 1891 Wahehe walikiteketeza kikosi chake Lugalo, Iringa, na mtawala wao Mkwawa akapigana hadi kifo chake Julai 19, 1898.

Miezi minane baadaye, Machi 1899, Rhodes aliingia ikulu ya Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani. Walikuwa na kinyongo cha muda mrefu. Januari 1896, uvamizi wa Jameson, mshirika wake Rhodes, huko Transvaal uliposhindwa na kumng'oa Rhodes kwenye uwaziri mkuu, Kaiser alimpelekea Rais Kruger wa Transvaal telegramu ya pongezi. Sasa aliyeaibishwa ndiye aliyekuja kuomba. Wakaelewana. Rhodes aliruhusiwa kupitisha waya wa telegrafu, naye katika wosia wake akawawekea vijana wa Kijerumani nafasi za kusoma Oxford. Mnyiha, Mfipa wala Mhehe hakuulizwa.

Rhodes alifariki Machi 26, 1902. Waya ulifika Ujiji ukakomea hapo. Reli haikufika kabisa.

Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia, nchi iliyobeba jina lake, walijitangazia uhuru. Shaba ya Zambia ilikuwa ikipita huko kwenda baharini. Ndipo zikajengwa kilomita 1,860 za reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kazi iliyoanza mwaka 1970.

Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Cape Town kiliiondoa sanamu ya Rhodes. Sisi tulimjibu mapema zaidi, kwa jasho la wafanyakazi wetu na wa China, kisha tukaiacha reli hiyo idorore. Makubaliano ya Beijing yasiishie kwenye makaratasi, na shule za Mbeya na Iringa ziwafundishe watoto kwa nini reli hii ilijengwa.