Dawa za Kiungulia na Waliozichunga

Mwaka 1915 Bertram Sippy, tabibu wa Chicago, alitangaza njia yake ya kuwatibu wenye vidonda vya tumbo, nayo ilikuwa kumlaza mgonjwa kitandani, kumnywesha maziwa na malai kila saa, na baina ya kinywaji na kinywaji kumpa unga wa magadi na mfano wake ili kuivunja nguvu tindikali ya tumboni. Na kwa kuwa wagonjwa walipata raha upesi, njia hiyo ilienea. Haikutimia miaka 10 ila Hardt na Rivers, wa hospitali ya Mayo huko Minnesota, walieleza mwaka 1923 kwamba baadhi ya waliotibiwa kwa unga huo walishikwa na kichefuchefu na maumivu ya kichwa, na figo zao zikadhoofika.

Zama hizo hapakuwa na daftari lililowekwa makusudi kwa kuandika madhara ya dawa. Aliyeona aliona, na asiyeona, mgonjwa wake alizikwa ikasemwa ni maradhi yake yaliyomwua. Lililowageuza watu nia ni msiba wa thalidomide, dawa ya usingizi iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu, kwani baada yake, mwaka 1964, Uingereza ilianzisha kadi ya njano, ambayo tabibu aliijaza kila aliposhuku tu kwamba dawa imemdhuru mgonjwa, bila ya kudaiwa ithibati.

Basi dawa mpya za tumbo zilizaliwa ulimwengu ukiwa umekwisha kutishika. James Black, Mskoti, na wenziwe katika maabara ya Smith Kline & French pale Welwyn, walitafuta kitu cha kuizuia histamini isiliamshe tumbo kutoa tindikali. Metiamide ilifanya kazi hiyo barabara, lakini katika majaribio wagonjwa wachache walipungukiwa na chembe nyeupe za damu, ikaachwa. Ikabadilishwa ile sehemu ya muundo wake iliyoshukiwa, ikapatikana cimetidine, iliyoanza kuuzwa Uingereza Novemba 1976 kwa jina la Tagamet.

Madhara yake mengine yalijulikana bila ya taabu: wanaume kadha wa kadha walivimba matiti, wazee wengine walichanganyikiwa, na waliokuwa wakitumia warfarin ya kuzuia damu isigande walizidiwa na nguvu zake, kwa sababu cimetidine hulizuia ini lisiivunje. Khofu kubwa ilikuwa saratani ya tumbo, kwa dhana kwamba tumbo lililopungukiwa na tindikali huota bakteria wenye kutengeneza sumu. Na hapa kadi ya njano haikufaa kitu, kwani kadi husema nani amedhurika, wala haisemi ni wangapi wasioinywa dawa ambao nao wamefikwa na yayo hayo.

Ndipo wataalamu wa Glasgow, Nottingham, Oxford na Portsmouth walipowaandika wagonjwa 9,928 waliopewa cimetidine na watu 9,351 wasiopewa, wakawafuatia mwaka mzima. Katika taarifa waliyoitoa mwaka 1983, vifo vilizidi upande wa wanywaji dawa, na msomaji mwenye pupa angeishia hapo akahukumu. Lakini walipochungua habari za kila marehemu, waliona kwamba wengi, hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, walikuwa na maradhi yaliyokuja kuwaua, na kwamba baadhi ya wenye saratani walipewa dawa hiyo ili kutuliza maumivu ambayo, kwa hakika, yalikuwa ya saratani yenyewe. Kwa rai yangu, hapana kazi katika habari hii yote iliyo bora kuliko hiyo.

Omeprazole, dawa nyingine ya kukata tindikali, ya Uswidi, ilikuta kizuizi mapema zaidi: mwaka 1984 majaribio yake kwa watu yalisimamishwa kwa vivimbe vilivyoonekana katika matumbo ya panya, hata ikabainika kuwa vilitokana na homoni ya gastrini, ambayo huzidi tindikali inapokatwa mno, ikaanza kuuzwa mwaka 1988. Ama ranitidine, nayo dawa ya tumbo, iliyoingia sokoni mwaka 1981 ikaaminiwa kuliko cimetidine, haikushukiwa kuwa na sumu ndani yake hata mwaka 2019, wakemia walipokuta ndani ya vidonge NDMA, kitu kinachodhaniwa kuleta saratani, nacho huongezeka kidonge kikiwekwa muda mrefu, khasa penye joto (na sisi wa pwani twaijua joto yetu). Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka iondolewe yote.

Mamlaka hiyo hiyo ilikwisha kutoa hadhari juu ya omeprazole na jamii yake: mwaka 2010 kuhusu kuvunjika mifupa, 2011 kuhusu kupungua magnesiamu mwilini, na 2012 kuhusu aina kali ya kuhara. La mifupa bado lina mushkili ule ule wa 1983, kwani wanywaji aghalabu ni wagonjwa zaidi tangu awali. La magnesiamu lina nguvu, kwa kuwa kuna wagonjwa ambao magnesiamu yao ilipanda dawa ilipoachwa, ikashuka iliporudishwa. Kwa hiyo anayezinywa kwa miaka na amweleze tabibu dawa zote anazotumia, amwulize kama bado anazihitaji na kama inafaa damu yake ipimwe, wala asiziache ghafla kwa khofu, maana tindikali huweza kurudi kwa wingi kuliko hapo kwanza.