"Literally": kielezi cha Kiingereza chenye maana mbili zinazopingana

Kielezi "literally" ni miongoni mwa maneno yanayozua ubishi mkubwa katika uandishi wa Kiingereza. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya herufi. Kwa maana yake ya awali, humweleza msomaji kwamba jambo lichukuliwe kama linavyosemwa, pasipo sitiari wala kutia chumvi.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 200 neno hilo limetumika pia kukazia sitiari yenyewe. Mwandishi Mwingereza Frances Brooke alilitumia hivyo katika riwaya yake ya mwaka 1769, na Charles Dickens akafanya vivyo hivyo mwaka 1839. Kamusi ya Webster ya nchini Marekani iliingiza maana hiyo mwaka 1909, mwaka uleule ambao mwandishi Ambrose Bierce aliilaani katika kitabu chake cha makosa ya uandishi. Kamusi ya Oxford nayo iliikubali mwaka 2011, na magazeti yalipoibaini mwaka 2013 zikazuka lawama nyingi.

Mabadiliko ya namna hiyo si mageni. Neno "very", ambalo leo humaanisha "sana", lilitokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya "kweli".

Tatizo ni kwamba maana mpya huidhoofisha ya zamani. Taarifa ikieleza kwamba wanakijiji "literally" wanakufa njaa, msomaji hawezi kujua kama watu wanazikwa au chakula kimepungua tu. Katika ripoti ya misaada, ya hospitali au ya mahakama, tofauti hiyo ni kubwa.

Mfasiri wa Kiswahili naye hana budi kuchagua. Iwapo jambo ni la kweli, "kihalisi" au "hasa" hufaa. Iwapo ni msisitizo tu, Kiswahili kina viigizi vyake: chumba hujaa pomoni, mtu huchoka hoi, na usiku huwa kimya jii. Kuandika kwamba mtu "alilipuka kihalisi" kwa hasira ni kumuua bure.

Njia ya kujipima ni rahisi: neno hilo lifutwe, kisha sentensi isomwe upya. Ikiwa maana haikupungua, halikuhitajika.