Meli Iliyopita Ruvu kwa Garimoshi



Sisi tuliosoma Mlandizi tulizoea kujihesabu watu wa nchi kavu. Bahari tuliwaachia wenzetu wa Bagamoyo na Dar es Salaam. Letu lilikuwa jembe, Mto Ruvu na mlio wa garimoshi usiku. Hata hivyo, historia ya meli za vita ilipita jirani yetu kabisa. Ilipita kwa reli.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikapita Soga na Ruvu, ikafika Kigoma mwezi Februari, 1914. Wakati huo huo, katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kiwanda cha Meyer kiliunda meli ya chuma yenye urefu wa mita 71 hivi. Ilipokwisha kuundwa, mwaka 1913, ilifunguliwa tena kipande kwa kipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Hapo masanduku yalipakiwa katika mabehewa kwenda Ziwa Tanganyika. Mkuku, mabamba na ribiti, vyote vilivuka Ruvu juu ya magurudumu.

Meli hiyo ilipewa jina la Graf von Götzen, gavana wa koloni tangu 1901 hadi 1906. Ni huyo ambaye majeshi yake yalichoma mashamba na maghala ya chakula ili kuzima Vita vya Maji Maji. Kwa hiyo wananchi walioibeba mizigo ile walilibeba pia jina la mtu aliyewatia njaa ndugu zao.

Vita Kuu ilipozuka mwezi Agosti, 1914, meli ilikuwa bado haijaingia majini. Wahandisi Rüter, Tellmann na Wendt, pamoja na vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi, waliiunganisha huko Kigoma, ikashuliwa tarehe 5 Februari, 1915.

Huku kwetu Pwani nako kulikuwa na kazi. Manowari ya Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba, 1914, ilijificha katika delta ya Rufiji. Boila zake zilikuwa zimeharibika. Vipande vyake vilikokotwa na wenyeji kwa nguvu za mikono hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Manowari hiyo iliangamia tarehe 11 Julai, 1915, lakini mizinga yake 10 iliopolewa. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa juu ya Götzen. Hivyo mzinga wa baharini nao ulisafiri kwa reli ile ile, ukaenda kupigana ziwani!

Mwezi Julai, 1916, adui alipokaribia, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isishike kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya bwana mkubwa kikawa cha wakulima, wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Mwaka 1997 kiliwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo.

Vitabu vinawataja wale wahandisi watatu kwa majina. Waliobeba masanduku, waliokokota boila na waliotandika mataruma huitwa "vibarua" na "wapagazi" tu, kana kwamba hawakuwa na baba wala mama. Bila mabega yao, meli ile ingebaki rundo la vyuma bandarini.

Vijana mnaosoma sasa, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 nayo ina stesheni Soga na Ruvu. Mkiipanda, itazameni pia reli ya zamani. Kisha waulizeni wazee wa vijiji vilivyo kando yake babu zao walifanya kazi gani, mkayaandike majina yao. Hiyo ndiyo sehemu ya historia inayotungoja sisi wenyewe.