Kiangazi cha Wanafunzi katika Mississippi

Katika mwezi wa Juni 1964, mamia ya vijana wa vyuo vikuu vya Marekani, aghalabu yao weupe na wana wa nyumba zenye nafasi, walikusanyika katika chuo cha wanawake mjini Oxford, jimbo la Ohio, ili wajifunze, kabla ya kuteremkia Mississippi, namna ya kukinga kichwa wapigwapo na namna ya kunyamaza watukanwapo. Kiongozi wao alikuwa Bob Moses, mwalimu wa hesabu mwenye umri wa miaka 29, mtu mweusi wa sauti ya chini. Na kila kijana alitakiwa awe na dola 500 za dhamana, kwa kuwa jela ilitarajiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwasaidia raia weusi waandikishwe kupiga kura. Lakini katika jimbo lile, ambako mwaka 1962 walioandikishwa hawakutimia 7 katika kila watu wazima 100 weusi, aliyeitaka haki hiyo alilazimika kusimama mbele ya karani, akinakili kifungu cha katiba ya jimbo alichochaguliwa na karani huyo huyo, kisha akakifasiri, na karani ndiye aliyehukumu kama amefasiri sawa. Fauka ya hayo, jina lake lilitangazwa gazetini, hata mwenye shamba akajua ni nani wa kumfukuza. Dhulma iliyovikwa joho la sheria ni nzito kuondoa kuliko ile ya wazi.

Usiku wa tarehe 21 Juni, kundi la pili la wanafunzi likiwa ndiyo kwanza limewasili Ohio, watu watatu wa kampeni hiyo, James Chaney, mzalia wa Mississippi, pamoja na Andrew Goodman na Michael Schwerner wa New York, waliuawa katika wilaya ya Neshoba, walikokwenda kukagua kanisa lililochomwa moto baada ya kukubaliwa liwe skuli. Maiti zao zilifukuliwa tarehe 4 Agosti katika boma la udongo la bwawa. Wenzao wa Ohio, ilhali habari ya kupotea kwao imekwisha kuwafikia, wengi walisafiri vivyo hivyo.

Pamoja na kazi ya kura, kampeni ilifungua skuli za uhuru zilizozidi 40, makanisani na vivulini mwa miti, na watoto, pamwe na wazee wao, walisoma historia ya watu weusi na wakazoezwa kuuliza maswali. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na sehemu yake: Desemba 1963, Kenya ikiwa imepata uhuru siku chache tu nyuma, waziri wake Oginga Odinga alipita Atlanta, na vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi alichokitumikia Bob Moses, wakamwendea hotelini kumwimbia.

Hata hivyo, sifa kubwa naona ni ya wenyeji waliowalaza wanafunzi hao wakijua nyumba zaweza kuchomwa. Fannie Lou Hamer wa Ruleville alikuwa amekwisha kufukuzwa shambani mwaka 1962, baada ya miaka 18 ya kazi, kwa kujaribu kujiandikisha tu. Kiangazi kile watu wapatao 17,000 walikwenda kwa makarani, na 1,600 hivi ndio waliokubaliwa. Wanafunzi wengi wakarejea vyuoni, wenyeji wakabaki na makarani wale wale, hadi sheria ya kura ya tarehe 6 Agosti 1965 ilipouondoa mtihani ule wa kufasiri katiba. Na kufikia mwaka 1967, karibu 60 katika kila watu wazima 100 weusi wa Mississippi walikuwa wameandikishwa daftarini.